Ajira Moja kwa Shilingi Ngapi? Hesabu ya Punguzo la Kodi Kibaha na Kisarawe

Eneo la viwanda la SINOTAN linalojengwa Kwala, wilayani Kibaha, lilitangazwa kwa namba tatu: viwanda zaidi ya 200, ajira 100,000 za moja kwa moja, na nyingine 500,000 zisizo za moja kwa moja. Ukigawanya, kila kiwanda kinatarajiwa kuajiri watu 500. Sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya 265,000 katika Mji wa Kibaha na takribani 159,000 katika wilaya ya Kisarawe, watoto wachanga na vikongwe wakiwemo. Ajira 100,000 ni karibu robo ya watu wote hao wakijumlishwa.

Naitakia Kwala mema. Bandari kavu imezinduliwa pale Julai 2025, reli ya kisasa inapita jirani, na vijana wa Mlandizi na Maneromango wanahitaji kazi leo, hawawezi kusubiri muongo mwingine. Lakini ajira zinapotajwa kwa wingi namna hii, mara nyingi hutangulia ombi: kodi ya wenye viwanda ipunguzwe. Kila unapokaribia msimu wa bajeti ombi hilo hurudi, na wanaolipinga nao hurudi na jibu lao. Mmoja anasema kodi ikishuka mwenye kiwanda atapata cha kuajiria. Mwingine anasema atakiweka mfukoni. Nimeamua kuziweka hoja zote mbili kwenye hesabu, kwa kuwa ndani ya hesabu ndimo ninapoliona kosa linalotugharimu: tunapunguza kodi ya faida huku tukisubiri ajira, wakati kiwanda chenye faida kubwa na kiwanda chenye watu wengi mara nyingi ni viwanda viwili tofauti.

Tuanze na sheria ilivyo. Kampuni Tanzania hulipa asilimia 30 ya faida yake. Kiwango hicho kina milango ya pembeni. Mwaka 2017 waunganishaji wapya wa magari, matrekta na boti za uvuvi walipewa asilimia 10 kwa miaka mitano ya mwanzo. Mwaka 2018 viwanda vipya vya dawa na vya bidhaa za ngozi vikapewa asilimia 20, navyo kwa miaka mitano. Wanaozalisha kwa ajili ya kuuza nje chini ya mfumo wa EPZ, ulioanza kwa sheria ya 2002, walisamehewa kodi ya faida kwa miaka 10. Na katika ngazi ya juu kabisa kuna mwekezaji mahiri maalumu, ambaye masharti yake yalitaja mtaji usiopungua dola milioni 300 na ajira za moja kwa moja zisizopungua 1,500 kwa wenyeji.

Namba hizo mbili za mwisho zinastahili kugawanywa. Dola milioni 300 kwa watu 1,500 ni dola 200,000 kwa kila ajira. Kwa kubadilisha dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 500 za mtaji kwa kila mtu anayepata kazi. Mlango mkubwa kuliko yote ulipimwa kwa kiwanda chenye mashine nyingi na watu wachache.

Viwanda viwili vya mfano

Chukua viwanda viwili. Ni vya mfano tu, havina jina. Cha kwanza kiko Zegereni, Kibaha, kinayeyusha chuma chakavu na kutoa nondo. Kina wafanyakazi 200 wanaolipwa wastani wa shilingi 300,000 kwa mwezi, na faida yake kwa mwaka ni shilingi bilioni 10. Cha pili kiko Visegese, Kisarawe, kinabangua korosho. Kina wafanyakazi 300, wengi wao akina mama, wanaolipwa wastani wa 200,000, na faida yake ni shilingi milioni 200. Jumla ya mishahara ya mwaka inalingana kabisa: shilingi milioni 720 kila kiwanda.

Sasa serikali ishushe kodi ya faida kutoka asilimia 30 hadi 20 kwa wote. Kiwanda cha nondo kilikuwa kinalipa bilioni 3, kitalipa bilioni 2. Kimeokoa bilioni moja, yaani shilingi milioni 5 kwa kila mfanyakazi aliyenaye. Kiwanda cha korosho kilikuwa kinalipa milioni 60, kitalipa milioni 40. Kimeokoa milioni 20, yaani shilingi 66,667 kwa kila mfanyakazi. Kiwanda chenye watu wachache kimepata mara 75 kwa kila kichwa. Na hizo milioni 5 zinazidi mshahara wa mwaka mzima wa mfanyakazi wa nondo, ambao ni milioni 3.6. Hazina ingeweza kumlipa mshahara wake wote na kubaki na milioni 1.4.

Watetezi wa punguzo watasema fedha hiyo itarudi: ajira zikiongezeka, wafanyakazi watalipa kodi. Ni hoja ya haki, nayo ina namba zake. Mfanyakazi wa shilingi 300,000 hukatwa kwanza asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, anabaki na 270,000. Hadi kiwango hicho hakuna PAYE, yaani kodi ya mshahara. Kodi yake ni sifuri. Wa korosho, mwenye 200,000, hata hakaribii. Kima cha chini cha viwandani na biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000, kwa hiyo watu wengi wanaosimama mlangoni pa viwanda vya Kibaha alfajiri wakingoja kuitwa hawaguswi na PAYE kabisa, na ni vyema hivyo.

Kinachobaki ni tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo hulipwa na mwajiri. Kwa asilimia 3.5 iliyowekwa mwaka 2023, mfanyakazi wa 300,000 huiletea Hazina shilingi 126,000 kwa mwaka. Ongeza VAT. Tuseme nusu ya mshahara wake, milioni 1.8, anaitumia kwenye bidhaa zenye VAT ya asilimia 18 ndani ya bei. Hapo Hazina inapata kama 274,600. Jumla ni takribani shilingi 400,600 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Kurudisha punguzo la milioni 5 la mwaka mmoja tu, mfanyakazi huyo atafanya kazi miaka 12 na nusu.

Basi hoja ya kwamba ajira zitajilipia zenyewe haisimami kwenye mishahara yetu. Ingesimama mahali penye mishahara mikubwa na PAYE kubwa. Kwetu, kodi inayopatikana kwenye kiwanda iko kwenye faida, na ndiyo tunayoiachia.

Wangekuja hata hivyo?

Kuna jibu moja tu linaloweza kuliokoa punguzo, nalo ni zito. Kama kiwanda kile cha nondo kisingekuja kabisa bila punguzo, Hazina haijapoteza bilioni moja. Imepata bilioni 2 ambazo zisingekuwepo, na watu 200 wana kazi. Kila kitu kinategemea hapo: wangapi wamekuja kwa sababu ya punguzo, na wangapi wangekuja hata hivyo?

Swali hilo limeulizwa kwa wawekezaji wenyewe katika nchi zetu. Benki ya Dunia ilikusanya majibu ya tafiti za aina hiyo katika andiko la Sebastian James la mwaka 2013. Tanzania, asilimia 91 walisema wangewekeza hata bila nafuu ya kodi. Uganda walikuwa asilimia 93, na Rwanda 98. Tukumbuke kwamba aliyejibu ni mtu ambaye angefaidika kwa kusema kinyume, akidai kwamba bila nafuu angeondoka.

Tuingize namba hiyo kwenye viwanda vyetu vya mfano. Vije viwanda 100 vya nondo, vyote vipewe kiwango cha asilimia 20. Tisini na kimoja vingekuja hata kwa asilimia 30, kwa hiyo kwa kila kimoja Hazina imepoteza bilioni moja: jumla bilioni 91. Tisa vimekuja kwa sababu ya punguzo, na kila kimoja kinalipa bilioni 2: jumla bilioni 18. Toa hizo, hasara halisi ni bilioni 73 kwa mwaka. Ajira zilizoletwa na punguzo ni 200 mara tisa, yaani 1,800. Gawanya: kila ajira imegharimu shilingi milioni 40.6 kwa mwaka, zaidi ya mara 11 ya mshahara wa anayeifanya.

Unaweza kuigeuza hesabu hii na kuuliza ni wawekezaji wangapi kati ya 100 wanapaswa kuvutwa na punguzo ili Hazina isipoteze. Kutoka 30 kwenda 20, ni 34. Kutoka 30 kwenda 10, kama wanavyopewa waunganishaji wa magari, ni 67. Msamaha wote ukitolewa, hata wote 100 wakija kwa sababu yake, kodi ya faida katika miaka hiyo ni sifuri, na matumaini yote yanahamia kwenye miaka inayofuata, kwa sharti kwamba kiwanda hakitahama wala kubadili jina. Tukumbuke pia kwamba asilimia 91 ni ya wawekezaji, si ya ajira. Huenda wale tisa ndio wenye watu wengi. Lakini kutoka 9 hadi 34 ni mbali, achilia mbali 67.

Wapo watakaosema punguzo linampa aliyekwisha kuja nguvu ya kuongeza watu. Hapa ni lazima tukumbuke kodi ya faida inavyofanya kazi. Inakatwa baada ya mishahara kutolewa. Mtu anayeleta milioni 5 na kulipwa milioni 3.6 anamwachia mwenye kiwanda milioni 1.4, kwa kodi ya asilimia 30 inabaki 980,000, kwa asilimia 20 inabaki milioni 1.12. Kwa viwango vyote viwili anaajiriwa. Anayeleta milioni 3 na kulipwa 3.6 ni hasara kwa kiwango chochote, naye haajiriwi. Kiwango cha kodi ya faida hakigusi uamuzi wa kumwita mtu mmoja zaidi getini. Kinachogusa ni uamuzi wa kujenga au kutojenga, kununua mashine au kutonunua.

Na hata huko kwenye mashine, sheria imekwisha kutoa nafuu nyingine. Kiwanda kinachonunua mitambo hupunguza nusu ya bei yake kwenye hesabu ya faida mwaka wa kwanza. Mwenye mtambo wa bilioni 8 anaondoa bilioni 4 mara moja. Ikiwa faida yake kabla ya hapo ni bilioni 3, hana kodi ya kulipa, iwe kiwango ni 30 au 10. Kiwanda kipya katika miaka yake migumu, kinapofundisha watu na kutafuta wateja, mara nyingi hakina faida ya kutozwa. Punguzo la kiwango linamfikia zaidi yule aliyekwisha kuvuka.

Yaliyotokea TAMCO

Sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Eneo la TAMCO pale Kibaha lilijengwa kwa ajili ya kuunganisha malori ya Scania, shughuli ikafa, na baadaye Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, likaligeuza kuwa eneo la viwanda. Humo kilizinduliwa mwaka 2015 kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, kilichojengwa kwa ushirikiano na Wacuba wa Labiofam, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka. Tatizo lake halikuwa kodi ya faida, kwa sababu faida yenyewe ilikosa pa kutokea: wateja wakuu walipaswa kuwa halmashauri, nazo hazikuwa zinanunua. Rais Magufuli alipokitembelea Juni 2017 ilibidi aelekeze halmashauri zichukue dawa hiyo.

Mwaka huohuo, katika eneo hilohilo, ulianza mradi wa kuunganisha matrekta ya URSUS kwa mkopo kutoka Poland. Lengo lilikuwa matrekta 2,400. Ulikuwa mwaka uleule ambao sheria iliwapa waunganishaji wapya wa matrekta asilimia 10. Yaliyounganishwa yalikuwa takribani 800, kisha mradi ukakwama. Wakulima walilalamikia ubovu na vipuri, madeni yalichelewa kulipwa, na kampuni yenyewe ya Poland ikafilisika. Nafuu kubwa ya kodi ya faida kuliko zote za viwanda vya aina hiyo ilikuwepo mezani, nayo haikuwa na la kusaidia.

Kisarawe ina kumbukumbu yake, na inauma zaidi. Kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilichukua hekta 8,211 katika vijiji vya wilaya hiyo kwa mkataba wa miaka 99 ili kulima mibono ya kutengeneza dizeli. Wanakijiji waliahidiwa ajira 700, visima, zahanati, shule na barabara. Kufikia 2011 kampuni ilikuwa imeanguka, wafanyakazi wameachishwa, na ardhi haikurudi mikononi mwa waliokuwa wakiitumia. Hapa nafuu iliyotolewa ilikuwa ardhi, lakini hesabu ni ya ukoo uleule: hekta 8,211 kwa ajira 700 ni karibu hekta 12 kwa kila ajira, ekari 29. Familia ya kijijini Mhaga ikiwa na ekari 29 za korosho, muhogo na msitu wa kukata kuni na kutafuta dawa za miti, inaishi humo watu wangapi? Swali hilo halikuulizwa kabla ya kutia saini, na kwa maoni yangu ndilo lililopaswa kuulizwa la kwanza.

Kenya inatupa ushahidi wa upande wa pili, wa mahali ambapo ajira zilikuja kweli. Sheria yao ya EPZ ni ya 1990, na kivutio chake ni kilekile: miaka 10 bila kodi ya faida. Kwa muongo mzima maeneo hayo, Athi River likiwa kubwa lao, yalikuwa na wafanyakazi wasiofika 10,000. Mwaka 2000 Marekani ikapitisha AGOA, nguo zilizoshonwa Afrika zikaingia kule bila ushuru. Ndani ya miaka mitatu au minne ajira za EPZ Kenya zilipita 35,000. Msamaha wa kodi ya faida haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mashati yalipata pa kuuzwa.

Nisiwe mchoyo wa haki kwa upande wa pili. Marekani ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 mwaka 2017, na wachumi Gabriel Chodorow-Reich, Owen Zidar na Eric Zwick walipofanya hesabu yake, katika makala yao ya 2024, walikuta uwekezaji umepanda kweli, kwa kadiri ya asilimia 11. Ni ongezeko kubwa, na anayesema kodi haina uzito wowote kwenye uwekezaji anakosea. Lakini mshahara wa mfanyakazi ulipanda kwa wastani wa dola 750 hivi kwa mwaka, wakati washauri wa Ikulu ya Marekani walikuwa wameahidi kati ya dola 4,000 na 9,000. Na huko ni nchi ambayo umeme, maji na barabara tayari vipo, kwa hiyo kodi inabaki kuwa moja ya vikwazo vichache vya kusogeza.

Kwetu vikwazo ni vingi na vina bei inayojulikana. Mradi wa maji uliofika Kisarawe na kuzinduliwa Juni 2020 uligharimu takribani shilingi bilioni 10.6. Punguzo la mwaka mmoja kwa viwanda 11 kama kile cha nondo linazidi mradi huo mzima. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ilipanuliwa kuwa ya njia nane kwa zaidi ya shilingi bilioni 140. Anayesafirisha nondo, vigae au korosho kwenda bandarini anaijua thamani ya barabara ile kwa lori na kwa lita ya dizeli, na fundi wa Kongowe mwenye wafanyakazi watatu anaifaidi sawasawa na mwenye kiwanda cha bilioni 10.

Tumewahi pia kulijaribu punguzo ambalo wengi walidhani lingemfikia mlengwa bila shaka. Mwaka 2018 taulo za kike zilisamehewa VAT. Mwaka uliofuata serikali ikaurudisha utozaji, ikieleza kwamba bei madukani haikushuka. Badala yake viwanda vipya vya taulo vikapewa kodi ya faida ya asilimia 25 kwa miaka miwili. Yaani nafuu iliyoshindwa kumfikia msichana wa shule ilihamishiwa kwa mwenye kiwanda. Nililisoma jambo hilo wakati ule na bado sijapata maelezo yanayoniridhisha.

Na ukubwa wa vitu hivi kwa ujumla? Mwaka wa fedha 2011/12 misamaha yote ya kodi nchini ilifika karibu shilingi trilioni 1.8. Ndani yake kulikuwa na mengi yasiyohusu viwanda, kuanzia VAT ya miradi ya wafadhili hadi taasisi za umma, na sheria ya VAT ya 2014 ilikata sehemu kubwa. Lakini tangu hapo mwananchi wa kawaida hajapewa orodha inayosema: kiwanda hiki kilisamehewa kiasi hiki, kikaajiri watu hawa.

Kodi inayomgusa mfanyakazi

Rwanda ilijaribu kufunga nafuu kwenye vichwa vya watu. Sheria yao ya kodi ya mwaka 2005 ilimpunguzia mwekezaji pointi 2 za kodi ya faida akiajiri Wanyarwanda 100 hadi 200, pointi 5 kwa 201 hadi 400, pointi 6 kwa 401 hadi 900, na pointi 7 akizidi 900. Waajiriwa walipaswa kukaa kazini angalau miezi sita na kulipwa mshahara unaofika kiwango cha kutozwa kodi. Nautazama mfumo huo kwa heshima: nafuu inafuata baada ya ajira kuonekana. Hata hivyo tuupitishe kwenye viwanda vyetu, tukiliweka kando sharti la mshahara. Cha nondo, chenye watu 200, kingepata pointi 2, yaani milioni 200. Cha korosho, chenye watu 300, kingepata pointi 5, yaani milioni 10. Kwa kichwa ni milioni moja dhidi ya 33,333. Maadamu kipimo ni faida, mwenye faida atapata zaidi.

SDL ni hadithi nyingine. Imeshushwa polepole bila kelele: asilimia 6, kisha 5 mwaka 2013, 4.5 mwaka 2016, kisha 4, na 3.5 mwaka 2023. Hutozwa kwenye mishahara, kwa hiyo kila punguzo lake linamwendea mwajiri kwa kadiri ya anacholipa watu. Kushuka kutoka 6 hadi 3.5 kwa viwanda vyetu viwili, vyenye mishahara ya milioni 720 kila kimoja, ni milioni 18 sawa kwa sawa. Kwa kile cha Visegese hizo ni mishahara ya mwaka ya wabanguaji saba na nusu. Kwa kile cha Zegereni ni fedha ndogo, na ni sawa ziwe ndogo, kwa kuwa hakina watu wengi. Gharama kwa Hazina ni milioni 36 kwa viwanda vyote viwili, badala ya shilingi bilioni 1 na milioni 20 ambazo ingepoteza kwa kushusha kodi ya faida. Ni kweli tozo hii huchangia mafunzo ya ufundi ya VETA, na kijana asiyejua kuchomelea wala kusoma mchoro haajiriwi hata kodi ikiwa sifuri. Kwa hiyo siombi ifutwe.

Ninachoomba kiangaliwe ni ukingo uliomo ndani yake. Tangu 2021 SDL humhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi. Kabla ya hapo walikuwa wanne. Lilikuwa badiliko zuri kwa wadogo. Lakini anayevuka mstari hatozwi kwa mtu wa kumi peke yake, anatozwa kwa mishahara ya wote kumi. Fikiria karakana ya mageti na madirisha pale Maili Moja yenye mafundi tisa, kila mmoja akilipwa 200,000. SDL yao ni sifuri. Akija wa kumi, mshahara wake ni milioni 2.4 kwa mwaka, mchango wa NSSF wa mwajiri 240,000, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 12,000: jumla milioni 2.652. Papo hapo inaongezeka SDL ya kundi zima, asilimia 3.5 ya milioni 24, ambayo ni 840,000. Mtu wa kumi ameongezeka bei kwa karibu theluthi moja kwa sababu tu ya nafasi yake kwenye foleni. Mwenye karakana akifanya hesabu vizuri atabaki na tisa, na wa kumi atamwita kwa siku, kibarua, bila mkataba wala NSSF.

Tiba yake haihitaji mkataba wa uwekezaji wala mkutano wa hotelini. SDL itozwe kuanzia mtu wa kumi na kuendelea, na tisa wa kwanza wa kila mwajiri wasihesabiwe. Mtu wa kumi wa karakana ile ataleta tozo ya 84,000 badala ya 840,000. Kwa mwajiri mwenye mishahara ya aina hiyo Hazina itaachia 756,000 kwa mwaka, awe na watu 10 au 300, maana wanaosamehewa ni tisa tu. Fedha ambayo kiwanda kimoja cha nondo kingepewa kwa kushusha kodi ya faida, ile bilioni moja, ingetosha kwa waajiri 1,322 wa namna hii. Na kwa karakana zilizogandia watu tisa hakuna cha kupoteza, kwa kuwa leo hazilipi kitu. Kila itakayomwandika fundi wa kumi itaanza kulipa.

Wala haihitaji mkaguzi mpya. Kila mwajiri anayekata PAYE na SDL huwasilisha ritani yake TRA ndani ya siku saba za mwezi unaofuata, ikiwa na idadi ya wafanyakazi na mishahara yao. Ritani hizohizo zingeweza kutumika kwa waliopewa asilimia 10, asilimia 20 au msamaha wa miaka 10: idadi ya watu waliokuwa nao mwaka wa kwanza, wa tatu na wa tano iwekwe kwenye jedwali moja mbele ya Bunge, pamoja na kodi waliyosamehewa. Viwanda vya Kwala vinapoanza kufunguliwa, jedwali hilo lianze navyo, na safu yake ya kwanza iwe ile namba ya watu 500 kwa kila kiwanda.